Mto Au Sable, samaki aliyepotea, na Misali yetu

Suali la msomaji: "Asalaam aleikum Maalim. Mimi ni kijana wa Wesha, nachukua wageni kwa boti kwenda kisiwa cha Misali. Juzi nilikuwa na mzee mmoja wa Kimarekani anayevua kwa fimbo nyembamba na nzi bandia wa manyoya. Akanihadithia mto wa kwao uitwao Au Sable, ati kuna mahali ukimpata samaki ni lazima umrudishe, na wanaolinda mto ule ni wavuvi wenyewe. Ni kweli? Walifikaje hapo? Na sisi Pemba tunaweza kufuata njia hiyo bila ya watoto kulala na njaa? Isitoshe, mzee huyo anataka kurudi mwakani na fimbo yake avue Misali. Nimjibu nini?"

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu. Mgeni wako kakwambia kweli, lakini kakuhadithia kipande cha mwisho tu. Kabla ya kufika kwenye kurudisha samaki, watu wa mto ule walimmaliza samaki wao wa asili, hata mmoja hakubaki. Huyu trauti, samaki wa maji baridi, wanayemlinda leo kwa kanuni na mahakama aliletwa na watu kutoka mbali. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengine yote utayaelewa, na utaona kwa nini nasema sisi Pemba tuko mahali pazuri zaidi kuliko walipokuwa wao.

Mto Au Sable uko jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, nchi ya theluji na misonobari. Unatiririka kama kilomita 220 kwenda mashariki hadi kuingia Ziwa Huron. Ardhi ya huko ni mchanga na changarawe iliyoachwa na barafu ya zama za kale. Mvua ikinyesha na theluji ikiyeyuka, maji mengi hayapiti juu. Yanazama mchangani, yanasafiri chini kwa chini, kisha yanachomoza kwenye kingo za mto kama chemchemi. Ndiyo maana mto huo haufuriki sana wala haukauki, na maji yake hubaki baridi hata wakati wa joto. Samaki wa jamii ya trauti anaishi kwa ubaridi huo. Maji yakipanda joto, hewa ndani yake inapungua, na yeye anaanza kutweta.

Wenyeji wa kwanza wa nchi ile, Waanishinaabe, walivua katika mito hiyo vizazi kwa vizazi, mpaka mikataba ya karne ya 19 ilipowatoa kwenye sehemu kubwa ya ardhi yao. Samaki waliyemkuta wageni mtoni ni greilingi. Ana pezi pana na refu la mgongoni, lenye madoa ya zambarau na waridi. Reli ilipofika miaka ya 1870, mji uliojengwa pale ukapewa jina la samaki huyo, Grayling, na ndivyo unavyoitwa hadi leo. Watu wa mijini wakawa wanapanda treni kuja kuvua. Greilingi hakuwa mjanja, alirukia kila nzi aliyetua juu ya maji. Walimvua kwa mamia, wakampakia kwenye barafu na kumpeleka kuuzwa Detroit na Chicago.

Ningependa uzione mashua zao, maana wewe ni mtu wa vyombo. Ni ndefu, kiasi cha mita 7, nyembamba, na chini zimelala bapa. Nahodha anakaa nyuma na upondo, kama tunavyofanya sisi kwenye maji madogo ya mikokoni. Anaburuta na mnyororo wa chuma chini ya maji, ili mkondo usimkimbize akapita mahali penye samaki. Katikati ya chombo kuna sanduku lenye matundu linaloingiza maji ya mto, samaki akitiwa humo anabaki hai hadi safari iishe. Mashua za namna hiyo bado zinaundwa na mafundi wa pale pale, na bado zinatembea mtoni.

Basi nini kilimmaliza greilingi? Wengi watakwambia ni uvuvi wa kupita kiasi. Uvuvi ulichangia, tena sana, lakini kilichomkatia mizizi ni misonobari. Wakata miti walifanya kazi wakati wa theluji na kurundika magogo kandoni mwa mto. Theluji ilipoyeyuka na maji kupanda, waliyasukumia mtoni yateremke mpaka kwenye viwanda vya mbao. Na huo ndio msimu greilingi anaotaga, juu ya changarawe safi ya sakafuni. Maelfu ya magogo yalipita yakiisugua ile changarawe na kuyasaga mayai. Kingo zilizobaki bila ya miti zikamomonyoka, mchanga ukafukia mazalio, na jua likapiga maji ambayo zamani yalikuwa kivulini. Juu ya hayo wakatiwa mtoni samaki wageni waliomnyang'anya chakula na makazi. Hata asingevuliwa tena, hakuwa na mahali pa kuzaa. Kufikia miaka ya 1930 greilingi alikuwa ameshatoweka Michigan nzima.

Trauti aliingia katika nafasi hiyo. Yule wa upinde wa mvua aliletwa kutoka California, yule wa vijito akatolewa sehemu nyingine za Marekani, na yule wa rangi ya kahawia mayai yake yalivuka bahari kutoka Ujerumani. Vifaranga vya huyu wa kahawia vilitiwa mara ya kwanza katika mto mwingine wa Michigan, Pere Marquette, mwaka 1884. Ni mstahamilivu zaidi wa maji yaliyovurugika, kwa hiyo alishika. Huko chini ya mto, kati ya 1911 na 1924, yalijengwa mabwawa 6 ya umeme. Kule juu ndiko trauti na wavuvi wake walikojenga maisha mapya.

Maisha hayo yanafuata wadudu. Ndani ya tope la mto anaishi funza wa mdudu mmoja kwa muda wa kama miaka miwili, halafu mwishoni mwa Juni, giza likishaingia, anapanda juu, anaota mbawa na kuruka. Wanatoka kwa wingi kama kumbikumbi baada ya mvua za masika. Trauti wakubwa, ambao mchana huwaoni, wanakuja juu kula. Mvuvi anakaa gizani amenyamaza, akisikiliza samaki anavunja maji upande gani, kisha anautupa mshipi kuelekea kwenye sauti. Nzi wake ni ndoana iliyofungwa manyoya na unyoya wa kuku kwa uzi, ikatengenezwa ifanane na mdudu wa usiku ule khasa, ukubwa na rangi. Kazi hii inamlazimisha mtu aujue mto, ajue nani anaishi chini ya jiwe gani na anatoka mwezi gani. Mimi naamini ujuzi huu ndio uliowafanya wawe walinzi wazuri, kwa sababu mto ukiugua, wao ndio wa kwanza kuona wadudu wamepungua.

Ulinzi wenyewe haukuja kwa siku moja. Katika miaka ya 1930, wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi Marekani, serikali iliajiri vijana kupanda upya misitu iliyokuwa imebaki visiki. Mwaka 1954 alifariki tajiri mmoja wa viwanda vya magari, George Mason, akauachia umma shamba lake la karibu hekta 600 kwenye tawi la kusini la mto, kwa sharti kwamba lisiuzwe, libaki pori. Mpaka leo ni pori.

Halafu ikaja 1959. Wakati huo idara ya jimbo ilikuwa ikifuga trauti kwenye madimbwi, wakishafika ukubwa wa kuvuliwa wanamiminwa mtoni, watu wanawavua siku zile zile. Kwenye takwimu mambo yalionekana mazuri. Wavuvi wachache wakakutana nyumbani kwa mwenzao, George Griffith, pale pale ukingoni mwa Au Sable, na kusema kuwa kufanya hivyo ni kulisha watu samaki wa dimbwi huku mto wenyewe ukiachwa unaharibika. Walitaka fedha ziende kwenye maji, kingo na mazalio, ili samaki wazaliwe mtoni. Wakaanzisha chama, Trout Unlimited, ambacho leo kiko Marekani nzima. Kumimina samaki wakubwa kwenye mito mizuri ya trauti Michigan kukaja kuachwa.

Hicho kipande alichokwambia mgeni wako ni kama kilomita 14 chini kidogo ya mji wa Grayling. Wenyewe wanakiita Maji Matakatifu. Hapo wanavua kwa nzi bandia tu, na kila samaki anarudi majini. Kanuni hiyo haikupita kwa salama. Mwaka 1987 wavuvi wa mto ule walijifunga katika jumuiya yao, wakiongozwa na mwenye nyumba ya wageni na duka la zana za uvuvi, Rusty Gates, wakaipigania. Wapo wenyeji waliowapinga, waliozoea kupeleka samaki nyumbani, wakasema kanuni hii ni ya matajiri wanaokuja kucheza. Hoja yao ilikuwa na uzito, na mgeni wako pengine hakukugusia. Jumuiya hiyo imeshakwenda mahakamani mara kadhaa, kupinga uchimbaji wa gesi karibu na lile pori la Mason na kupinga maji ya kiwanda yasielekezwe kwenye chanzo cha mto. Na biashara ya kufuga samaki ilipopanuliwa pale mjini, ikawa inamwaga uchafu mtoni, walikwenda nayo mpaka wakafikia suluhu na wao wenyewe wakauchukua mkataba wa kukodi mahali pale.

Sasa turudi kwetu. Kurudisha samaki, kwa mvuvi wa Pemba anayelisha nyumba, mimi siungi mkono, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni ya kitaalamu. Trauti anavuliwa kwenye maji ya kina kifupi na baridi. Wewe ukitupa mshipi nje ya Misali, ambako Mkondo wa Pemba unateremka mamia ya mita, ukamvuta chewa au changu kutoka kina kirefu, unajua anavyofika: tumbo limevimba, macho yametoka, mara nyingine utumbo umemtoka kinywani. Kibofu chake cha hewa kimetanuka. Ukimtupa majini anaelea tu, ndege na papa wanammaliza. Huko ni kupoteza riziki. Hata kwenye mito ya trauti, maji yakifika kiasi cha nyuzi 20 za sentigredi wavuvi wenye adabu huacha kuvua, wakijua samaki atakayerudishwa huenda asipone.

Ya pili ni ya kwetu. Wazee wanauliza: mnamtoboa mdomo, mnamchosha, kisha mnamwachia, kwa faida gani? Mtume (S.A.W.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo, na sioni vibaya mvuvi wa kwetu kulichukulia hilo kwa uzito. Samaki kwetu ni chakula, na anayemvua amle au amuuze kwa halali.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Au Sable ni kile walichokielewa baada ya hasara, kwamba samaki hulindwa pale anapozaa na pale anapokulia. Yale magogo yaliyosugua changarawe, hapa kwetu ni juya la kukokota linaloburuzwa juu ya majani ya bahari, ambako tasi, changu na pono wanakulia wakiwa wadogo kuliko kidole. Ni kigumi, ambapo matumbawe yanagongwa ili samaki wakimbilie wavuni. Mwamba uliovunjwa namna hiyo unachukua miaka mingi kurudi, na kwingine haurudi. Ile misonobari, hapa kwetu ni mikoko ya vijito vyetu vya magharibi, inayokatwa kwa nguzo na kwa kuchomea chokaa, na ni miti ya kwenye miteremko ya vilima, ambayo ikiondoka udongo wote mwekundu unashuka na mvua kwenda kuyafunika matumbawe. Mvuvi wa Wesha anaweza asikate mti hata mmoja na bado akakosa samaki kwa sababu ya mti uliokatwa mbali na pwani. Ndiyo maana nasema mkutano wa wavuvi usioita wakulima na wakata mikoko haujakamilika.

Misali yenyewe imeanza mapema kuliko wengi wanavyojua. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, baada ya wavuvi wa vijiji vinavyopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pale kukataa kisiwa kikodishwe kwa mwekezaji wa hoteli. Kikatengwa kipande kidogo kisichovuliwa kabisa, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa wazi kwa uvuvi wa halali. Masheikh walishiriki kueleza, kwa aya na hadithi, kuwa bahari ni amana. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuwa PECCA, yaani Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, karibu pwani yote ya magharibi ya Pemba. Kwa hiyo wanaosema fikra ya wavuvi kulinda maji yao ni ya Kizungu wanaikosea haki Pemba. Wazee wetu walikuwa na miamba iliyofungwa kwa msimu kabla ya ofisi yoyote kuwepo.

Njaa ya watoto, hilo ndilo suali lako gumu, na hapo Au Sable haina jibu. Waliokubali kurudisha samaki walikuwa na mshahara mahali pengine. Mama wa Kisiwa Panza anayeshuka mwambani maji yakitoka ana chungu kimoja, na kinamngoja jioni ile ile. Kwake yeye jibu bora liko kwa pweza. Pweza wetu wa mwambani anaishi mwaka mmoja na kidogo tu, lakini anakua kwa kasi ya ajabu. Jike akishataga anakaa pangoni akiyalinda mayai, hali kitu, na yakianguliwa anakufa. Ukimchukua mdogo umekula kilo moja pale ambapo ungengoja kidogo ukala mbili au tatu. Kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska kilianza mwaka 2004 kuufunga mwamba mmoja kwa miezi michache, na mtindo huo umeenea hadi kwetu. Kisiwa Panza ni miongoni mwa waliofunga na kufungua.

Masharti yake nayajua kwa kuyaona. Funga kipande, usifunge mwamba wote, ili wanaokwenda kwa miguu wabaki na pa kwenda. Miezi 3 inatosha kwa pweza. Siku ya kufungua iwe ya bamvua, maji yatoke mbali, na ijulikane mapema nani anaingia na kutoka wapi, kwa sababu ugomvi mkubwa wa mambo haya hutokea siku hiyo, pale watu wa vijiji vya jirani wanaposhuka na kuvuna walichokingoja wengine. Doria za usiku zilipwe, japo kwa mafuta ya boti na chai. Na wanawake wakae ndani ya Kamati ya Wavuvi ya Shehia wakiwa na kauli. Nimehudhuria mikutano ambayo mwamba wa akina mama ulifungwa na wanaume wanaovua mkondoni, na kufungwa huko hakukufika hata mwezi wa pili.

Ada za wageni nazo zionekane. Mvuvi akiambiwa asivue sehemu fulani, kisha akaona boti za watalii zinapita na yeye hajui fedha zao zinakwenda wapi, usimlaumu akirudi usiku. Hesabu ibandikwe dikoni kwa Kiswahili, kila robo mwaka.

Kuhusu greilingi, tangu 2016 jimbo la Michigan na Waodawa wa kabila la Little River, ambao ni sehemu ya wale Waanishinaabe, wanaongoza juhudi za kumrudisha katika mito ya jimbo hilo kwa mayai kutoka Alaska. Ni kazi ya miaka na fedha nyingi, na juhudi za nyuma zilishindwa. Sisi chewa wetu bado yupo, tasi yupo, pweza yupo pangoni mwake. Hatuna haja ya kuagizia mayai kokote.

Mgeni wako mwambie karibu. Aje na fimbo yake, lakini kwanza umpitishe ofisi ya hifadhi achukue kibali na alipe ada, na umuoneshe mpaka wa sehemu isiyovuliwa, maana humo hata kuvua na kurudisha hakuruhusiwi. Avue nje ya hapo, kwenye maji ya kina kifupi ya mchanga, ambako kolekole wanapita maji yakijaa, asisimame juu ya matumbawe. Ndoana yake aibane ile ncha ya nyuma kabla hajaifunga. Samaki akishampata, mwambie kwetu desturi ni kumla: achukue mmoja wa chakula cha mchana, mumpike pale pale dagoni kwa ndimu na chumvi, na akishashiba aweke fimbo chini, akae awasikilize wazee wa dago. Nao watamuuliza mengi kuhusu huo mto wake, khasa habari za lile sanduku la maji katikati ya mashua.